Mume Wangu, Baiskeli na Hela ya Pamba

Wanawake wenzangu, hapa kwetu Kiloleli baiskeli si anasa. Inabeba maji, mahindi, hata mgonjwa. Sasa baba watoto yeye anashindana mbio za barabarani, na tulipouza pamba akaja na jipya: "Mama watoto, nataka foki ya kaboni."

Kununa ningeweza. Nikamwambia, "Haya, nifundishe."

Akanieleza. Foki ni ule uma unaoshika gurudumu la mbele. Yake ya chuma inakaribia kilo moja; ya kaboni ni kama gramu 400, tena inapunguza mtikisiko mikononi. Ila shingo yake lazima ilingane na fremu: fremu nyingi za zamani zinachukua milimita 25.4, foki nyingi za kaboni ni 28.6.

Nikauliza, "Na ukiingia shimoni je?" Akanyamaza. Chuma hupinda, ukaona. Kaboni yenye ufa inaweza kukatika ghafla, na fundi wetu wa chini ya mti hawezi kuichomelea. Halafu aliyoitaka ilikuwa ya mtumba. Nani anajua ilishaanguka mara ngapi?

Tukakubaliana: ya mtumba hapana. Tunaweka akiba ya mpya inayoingia kwenye fremu yake. Kwa sasa, tairi na breki mpya. Alinuna siku mbili, kisha akacheka mwenyewe.

Shosti, usimkatalie mumeo kabla hujaelewa anachokipenda. Muulize mpaka mwisho. Mimi ushindi nautaka, ila kwanza arudi nyumbani na meno yake yote.