Kivuli Kikae Nje

Jua ni rafiki wa mkulima, lakini ni rafiki mwenye mkono mzito. Humlisha mtu mwaka mzima, kisha kwa adhuhuri chache tu aweza kumnyang'anya alichompa. Jambo hili huonekana waziwazi katika kivungulio, yaani nyumba ya mimea iliyoezekwa kwa nailoni au kioo. Nyumba hiyo hujengwa ili mmea upate hifadhi, lakini isipotunzwa kwa akili, hifadhi hugeuka kuwa tanuri.

Mimi ni mkazi wa Kitale, na dada yangu ameolewa Bungoma. Mji wetu uko kadiri ya mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Bungoma iko kadiri ya mita 1,400. Kwa macho ya msafiri tofauti hiyo ni ndogo, lakini kwa mmea si ndogo. Kila mtu ateremkapo mita 500 hewa huongezeka joto kwa nyuzi 3 hivi. Kwetu Kitale usiku una baridi, na mvua hulowesha majani ya nyanya mpaka ukungu ukayala; kwa hiyo kivungulio ni koti jema. Lakini koti limfaalo mtu wa mlimani humtoa jasho mtu wa bondeni.

Dada yangu na wanawake wenzake walikuwa na chama. Kwa akiba ya miaka miwili walijenga kivungulio, wakapanda nyanya, na kila mmoja akahesabu moyoni karo ya mtoto wake. Miche ilisitawi ikatoa maua. Ulipofika mwezi wa Februari, maua yakaanza kupukutika kabla ya kufanya matunda. Dada alinipigia simu akasema, "Kaka, fundi anatuambia tuongeze mbolea, na wenzangu wamegawanyika. Wengine wanataka tuing'oe nyumba, tuuze vyuma, tugawane fedha." Sauti yake ilinihuzunisha, maana chama kikivunjika kwa hasara, si fedha tu ipoteayo, ujirani nao hupata ufa.

Nilikwenda nikichukua kipimajoto. Saa saba ya mchana, chini ya mwembe, kilionyesha nyuzi 30. Nilipokitundika katikati ya mimea kilipita nyuzi 40. Hapo mbolea ilikuwa haina kosa wala dawa. Nyanya hupenda mchana wa wastani. Joto likizidi nyuzi 32 hivi siku baada ya siku, chavua yake hudhoofika, na ua lisilochavuliwa huanguka.

Yafaa msomaji ajue sababu ya joto hilo. Mwanga wa jua hupenya nailoni kwa urahisi, hugonga udongo na majani, nao hugeuka kuwa joto. Joto hilo huipasha hewa ya ndani, na hewa hiyo haipati njia ya kupanda juu na kwenda zake, kwa kuwa paa imeizuia. Mwaka 1767 mtaalamu wa Uswisi, Horace-Bénédict de Saussure, alitengeneza sanduku lenye matabaka ya kioo akalianika juani. Ndani yake joto lilikaribia nyuzi 90, bila ya kuni wala mkaa.

Wanawake wale hawakuwa wamekaa bure. Walikuwa wametundika mashuka ndani, chini ya nailoni, na walishangaa kuona nafuu ndogo. Mama mmoja mzee, ambaye mumewe alilima kahawa katika miteremko ya Elgon, aliyatazama mashuka akauliza, "Wanangu, miche ya kahawa twaijengea chanja, tukatandaza nyasi juu yake. Mbona nyanya hizi tunazifunikia ndani?"

Swali hilo lilikuwa na elimu nzima ndani yake. Pazia la ndani huukamata mwanga baada ya kuingia. Pazia lenyewe hupata moto, na moto huo hubaki ndani ya nyumba. Maji yakimwagika hayazoleki. Pazia la nje huuzuia mwanga mlangoni. Likipata moto, upepo huuchukua. Wajenzi wa jumba kubwa la kioo la maonyesho ya London, mwaka 1851, walilijua jambo hili. Walitandaza vitambaa juu ya paa, kwa nje, na vitambaa hivyo viliweza kunyunyiziwa maji ili vizidi kupoza.

Lakini yatupasa kuiga kwa macho wazi. Katika nchi za Ulaya jua huinama, na kwa hiyo watu wengi huko hutia mapazia kwenye kuta za kioo. Bungoma na Kitale ziko karibu sana na mstari wa ikweta. Wakati wa adhuhuri jua hupita karibu na utosi, na mwezi wa Machi husimama juu ya kichwa hasa. Kwetu sisi, basi, paa ndiyo ihitajiyo kivuli kwanza.

Tulisimamisha nguzo za mkaratusi, tukafunga fito juu ya paa, tukaacha nafasi ya mikono miwili kati ya fito na nailoni ili upepo upite. Juu yake tuliweka mikeka ya matete iliyosukwa kwa mwanya, iweze kukunjwa kwa kamba. Mwenye uwezo aweza kununua wavu wa kivuli. Asiye nao aweza kupaka nailoni chokaa nyepesi, ingawa chokaa haikunjiki kukiwa na mawingu. Tulifungua pia madirisha ya ubavuni, kwa sababu kivuli bila hewa ni nusu ya kazi.

Kisha wanawake wakapangiana zamu: mikeka ishushwe saa nne asubuhi, ikunjwe saa tisa alasiri, siku ya mawingu isiguswe. Amri hii ya mwisho ina maana kubwa. Mmea uliofichwa mno hurefuka bila nguvu, ukawa na majani mengi na matunda machache. Kivuli kizidicho ni adui kama jua lizidilo.

Baada ya hapo kipimajoto hakikupanda tena zaidi ya nyuzi chache kuliko hewa ya nje. Maua yaliyofuata yalishika. Mavuno ya kwanza hayakutosha karo ya watoto wote, lakini yalitosha kunyamazisha shauri la kuuza vyuma, na chama kikasimama.

Vijana wasomaji, mtakutana na vyombo vingi vilivyobuniwa chini ya mbingu nyingine. Msivikatae kwa kuwa ni vigeni, wala msivipokee kama vilivyo. Ulizeni jua lenu linapita wapi, upepo wenu unatoka wapi, na wazee wenu walifanyaje. Hasara izuiliwayo nje ya mlango haihitaji kufukuzwa chumbani.