Kutoka Buhare Hadi Mafunjo ya Kirumi

Alfajiri tulitoka Buhare, Musoma, kwa bodaboda, na huko Bweri tukapanda basi la Sirari. Mwenyeji wangu alinipa siti ya dirishani. "Tukifika Kirumi fungua macho," aliniambia. "Pale ndipo ziwa letu linapolishwa."

Mto Mara unaopita pale nilikuwa nikiujua kwa picha za nyumbu tu. Watafiti wamekadiria kuwa nyumbu wapatao 6,250 huzama humo kila mwaka. Upande wa Kenya, viboko zaidi ya 4,000 hula nyasi usiku na kushinda majini mchana, na sehemu kubwa ya kinyesi chao huishia mtoni. Kaboni ambayo nyasi ziliivuta hewani huteremka hivyo, sehemu yake ikafika Musoma, ikawalisha wadudu na uduvi wanaoliwa na samaki wa ziwani.

Chini ya daraja la Kirumi tulimwamkia mzee mmoja mvuvi, akatuingiza kwenye mafunjo kwa mtumbwi. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya mkandaa. Kila pondo lilipochoma tope, mapovu yalipanda na kupasuka ubavuni mwetu, yakiacha harufu ya uozo.

"Mzee, hiki ni nini?"

"Tope linapumua, mwanangu."

Ndivyo ilivyo. Vijidudu wanapoozesha mimea hutumia oksijeni. Ikiwaishia, wengine huendelea bila hiyo na kutoa methani. Mafunjo mazima, kwa upande wake, hukamata tope la mto na kuifukia kaboni kwenye mizizi kwa miaka mingi.

Mizani hiyo ya uozo na oksijeni ikivunjika, samaki ndio hulipa. Machi 2022 maji ya huku yaligeuka meusi na samaki wakaelea wamekufa. Kamati ya serikali ilitaja kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, na wengi hawakuridhika na maelezo hayo. Mimi nashika jambo moja: uozo mwingi ukiingia majini kwa mkupuo, oksijeni huisha. Sangara hukata roho mapema. Kamongo, mwenye mapafu, hupanda juu kuvuta hewa na kuendelea kuishi.

Si Mara pekee: mbali kabisa na hapa, mito ya Ob, Yenisei na Lena humwaga kaboni ya udongo wa Siberia kwenye bahari za kina kifupi za Aktiki. Huko nako viumbe wa majini hushiba au kuteseka kwa kinachotoka nchi kavu, na ardhi iliyoganda inavyoyeyuka, mzigo unazidi kubadilika.

Tulipogeuza mtumbwi, mzee alituonyesha ukingo uliochomwa kiangazi ili pachipue malisho. Ndugu zangu wa Rorya na Butiama, mafunjo yasichomwe tena. Samaki anayeuzwa Musoma anayahitaji yakiwa yamesimama.