Andika Yeye
Mwaka niliotoka chuo bila digrii, Jumamosi ndiyo siku pekee niliyokuwa na mahali pa kwenda: ukumbi wa jamii, Kayole. Tulikuwa tisa na hatukuwa na mswada. Mtu anasimulia kisa, tunakiigiza, tunakirudia mpaka kikae. Kamĩrĩĩthũ, 1977, wanakijiji pia walirekebisha mistari ya mchezo wao wenyewe. Serikali ikafuta leseni.

Mimi nilileta kisa cha mtoto anayejifunga leso ya mamake mlango ukishafungwa. Nikadai ni cha jirani. Kwa Kiswahili uongo huo ni rahisi sana: alijifunga, akajitazama kwa kioo, akavua. Hakuna mahali lugha inakulazimisha useme ni msichana au mvulana. Wiki mbili nilijificha ndani ya hiyo “a” ndogo.

Halafu msee aliyekuwa akitafsiri kwa Kiingereza, juu ya wafadhili, akakwama. “Buda, huyu niandike wa kiume ama wa kike?”

Kimya. (Nadhani wote walishajua jirani ni nani.)

“Andika yeye,” nikasema.

“Kiingereza hakina yeye.”

“Basi wasome Kiswahili.”

Siku ya onyesho nilicheza hiyo sehemu mwenyewe. Mathe alikaa nyuma, karibu na mlango. Leso ilikuwa yake, niliitoa kabatini bila kuomba. Tukingoja matatu hakutaja mchezo kabisa. Matatu ya kwanza ikapita imejaa.

“Hiyo leso,” akasema, “ukiifua, usiianike nje.”

Hakuniambia niirudishe.