Strakti Bila Maelezo Ilimpiga Mama wa Watu Faini

Wasee, hii stori ni ya aibu, lakini wacha niseme.

Oktoba 2025 mamangu aliniomba programu ya kutoa risiti za chama chao. Nilikuwa najifunza C, nikaona hapa ndipo nitang'aa. Risiti ya kwanza ikatoka na mwaka 125. Nikacheka, nikaongeza 1900, maisha yakaendelea.

Kumbe mwezi pia ulikuwa umekosea. Risiti za Oktoba zilikuwa zinasoma mwezi wa 9. Wengi walilipa kikaoni mbele ya watu, so hakuna aliyeshtuka. Lakini mama mmoja alilipa katikati ya mwezi, na ushahidi wake ulikuwa risiti tu. Akaambiwa hajalipa Oktoba. Faini, shilingi 200. Aliapa amelipa. Mimi niko hapo nagawa chai, kimya.

Usiku nikafungua mwongozo, `man localtime`. Strakti tm iko pale, na kando ya kila sehemu kuna maelezo mafupi. `tm_mon` ni 0 hadi 11. `tm_year` ni mwaka ukitoa 1900. Yaani jibu lilikuwa linaningoja muda wote.

Kuna watu husema kodi nzuri hujieleza yenyewe. Zi. `int` inakuambia ni namba kamili, basi. Haikuambii inaanzia sifuri ama moja. Mwandishi wa huo mwongozo alijua hivyo, ndiyo maana hakuishia kwa jina na aina.

Nikarudi kwa strakti yangu mwenyewe. `int kiasi`. Shilingi ama senti? `char *jina`. Nani ataachilia hiyo kumbukumbu, mimi ama anayeitumia? Sikuwa nimeandika chochote. Nilikuwa nimemtegea mtu mwingine mtego uleule.

Siku hizi kila sehemu naiandikia mambo matatu: kipimo chake, inaanzia wapi na kuishia wapi, na kama ni pointa, nani anamiliki kumbukumbu. Inachukua dakika tano hivi.

Yule mama nilimwendea, nikamwambia ukweli, na chama kikamrudishia 200 yake. Aliniangalia tu akauliza, "Sasa mwanangu, si ungesoma kwanza?"

Sikuwa na jibu. Na wewe, strakti yako ya mwisho uliiandikia maelezo, ama uliacha tu? Sema ukweli.