Wa Mwisho Katika Nyumba ya Cotton

Julai 1872, katika kijiji cha West Auckland, jimbo la Durham, kaskazini mwa Uingereza, mwanamke mmoja mjane alimwendea ofisa wa parokia aliyeitwa Thomas Riley. Alikuwa na mtoto wa kambo aliyeachiwa na marehemu mumewe, akataka mtoto huyo achukuliwe na nyumba ya maskini. Riley akamwambia haiwezekani mtoto apokewe peke yake, labda waingie wote wawili. Mwanamke akakataa, akaongeza kwamba hata hivyo mtoto hatamsumbua kwa muda mrefu, atakwenda kama walivyokwenda wenzake wa nyumba ya Cotton. Tarehe 12 mwezi ule ule mtoto akafa. Aliitwa Charles Edward Cotton, na alikuwa na miaka saba.

Mwanamke huyo ni Mary Ann Cotton. Inaaminika kwamba aliua watu wapatao 21 kwa sumu ya arseniki: waume, watoto wa kuzaa, watoto wa kambo, hawara, pengine hata mama yake mzazi. Nasema inaaminika kwa sababu hakuna aliyewahi kuihakikisha hesabu hiyo, na hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Marehemu wa kawaida tunamzika, tunamlilia, tunajua kilichomwondoa. Hawa walizikwa na kuliliwa kwa jambo ambalo silo lililowaua.

Alizaliwa mwaka 1832, binti wa mchimba makaa ya mawe. Baba yake alikufa kwa kuanguka katika shimo la mgodi, yeye akiwa bado mtoto. Mwaka 1852 aliolewa na William Mowbray, na katika miaka iliyofuata wakazika watoto mmoja baada ya mwingine. Mowbray naye akafa Januari 1865, na bima ikamlipa mjane pauni 35, karibu mshahara wa nusu mwaka wa kibarua. Akaolewa na George Ward mwaka huo huo. Ward akafa mwaka 1866. Akaingia kama mtumishi katika nyumba ya James Robinson, mjane wa kiume mwenye watoto huko Sunderland, na majira ya kuchipua ya 1867 watoto watatu wakafa humo kwa kufuatana, mmoja wao bintiye mwenyewe, Isabella. Robinson alimwoa hata baada ya hapo. Kilichomwokoa ni fedha: aligundua madeni aliyofichwa, akaona jinsi mkewe anavyomshikilia akate bima ya maisha, akamfukuza. Kati ya waume wanne, wa mwisho akiwa Frederick Cotton, ni yeye pekee aliyebaki hai.

Msomaji wa leo huuliza: majirani walikuwa wapi? Sipendi kuwahukumu haraka. Uingereza ya wakati ule, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa, karibu 150 hawakumaliza mwaka wao wa kwanza. Katika vijiji vya migodi maji yalikuwa machafu, vyumba vimebanana, na homa ya tumbo ilikuwa mgeni wa kila mwaka. Mama aliyezika watoto watano hakushangaza mtu. Aliletewa chakula, akashikwa mkono, akaambiwa Mungu ametwaa. Huzuni ilikuwa imezoeleka kiasi kwamba mwenye kuitengeneza aliweza kujificha ndani yake.

Tena arseniki ilimsaidia kujificha. Ni unga mweupe usio na harufu, ladha yake ni hafifu mno, na huyeyuka katika kinywaji cha moto. Iliuzwa kihalali, tangu mwaka 1851 sheria ilimtaka muuzaji aandike jina la mnunuzi, lakini mtu akisema anataka kuua kunguni alipewa. Nyumbani kwa Cotton ilikuwako kwa kazi hiyo hiyo, imechanganywa na sabuni laini kwa ajili ya kupaka kitanda. Mtu akiinywa hutapika, huharisha, tumbo humkata, miguu humkaza, koo hukauka. Daktari akiitwa, anachokiona ni homa ya tumbo. Na lile linaloniuma zaidi ni kiu. Mtoto aliyelishwa sumu hii huomba maji usiku kucha. Anamwomba nani? Anamwomba yule yule aliyemnywesha, na yule yule anamletea kikombe, anamfuta mdomo, anambadilishia shuka. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Sawa, lakini mtoto wa miaka saba avue nguo ipi, naye hana nyingine?

Charles Edward alikuwa amekwisha kuwapoteza wote. Baba yake, Frederick Cotton, alikufa Septemba 1871, mwaka mmoja tu baada ya kumwoa Mary Ann. Kati ya Machi na mwanzo wa Aprili 1872 alikufa kaka yake, akafa mdogo wao mchanga Robert, akafa na Joseph Nattrass, mpangaji aliyekuwa hawara wa Mary Ann. Mtoto huyo alishuhudia vitanda vikiachwa wazi kimoja baada ya kingine, akabaki peke yake na mama wa kambo. Sijui aliwaza nini, lakini miezi ile kati ya Aprili na Julai hainitoki kichwani.

Riley ndiye aliyekataa kunyamaza. Alikwenda polisi na kwa daktari, akataka kifo kichunguzwe. Hata hivyo baraza la kwanza la uchunguzi likaamua mtoto amekufa kifo cha kawaida. Bahati ni kwamba Dkt. Kilburn, aliyeupasua mwili, alihifadhi sehemu ya vilivyotoka tumboni, na alipovipima baadaye akakuta arseniki. Mary Ann akakamatwa. Makaburi yakafukuliwa, na Dkt. Thomas Scattergood wa Leeds akakuta sumu katika maiti ya Nattrass na ya wale watoto wawili. Kaburi la Frederick Cotton lilitafutwa lisipatikane. Alikuwa amezikwa kama mwaka mmoja tu uliopita, na tayari hapakuwa na wa kuonyesha alipolala.

Kesi ilisikilizwa Durham Machi 1873, baada ya mshtakiwa kujifungua gerezani mtoto wa kike, Margaret. Wakili wake alidai mtoto Charles alivuta arseniki iliyokuwa katika rangi ya kijani ya karatasi za ukutani. Wazee wa baraza hawakukubali. Tarehe 24 Machi alinyongwa na William Calcraft, mnyongaji aliyejulikana kwa kamba fupi, na ilichukua dakika kadhaa kabla hajakata roho. Margaret alikuwa amekwisha kukabidhiwa kwa watu wengine wamlee. Kati ya watoto takriban 13 aliowazaa Mary Ann, ni huyo na kaka yake George tu waliobaki.

Yapo mambo ambayo kitanzi kile hakikuyajibu. Kati ya wale watoto wa mwanzo, wa enzi za Mowbray, lazima wapo waliokufa kwa homa ya kweli, na kwao huenda mama yao alilia machozi ya kweli. Hatuwezi tena kuwatenganisha. Aliowaua amewanyang'anya maisha, na ambao hakuwaua amewanyang'anya hata kifo chao, kwa maana leo wote wanatajwa katika orodha moja yenye jina lake juu. Vimeandikwa vitabu, zimetengenezwa tamthilia za televisheni, watoto wa Uingereza waliwahi kuimba habari zake wakicheza. Wote humtaja yeye.

Alihukumiwa kwa kifo kimoja tu, cha Charles Edward. Wengine wote, Isabella, Robert, Nattrass, Ward, Mowbray na wale ambao majina yao hayatajwi kabisa, hakuna aliyehukumiwa kwa vifo vyao.