Mashilingi

Mtaani kwetu Kayole, choa cha kichwani tunakiita mashilingi, juu ya umbo lake: duara kama sarafu, nywele zimekatika, ngozi ina magamba meupe. Mpwa wangu alitokwa na la kwanza nyuma ya sikio. Ana miaka mitano, yuko PP2. Mimi ndiye niliyeliona, na mimi ndiye niliyelificha.

Tangu niache chuo mwaka wa pili naishi kwa dadangu. Kodi silipi. Kazi yangu ni kuandika nikipata wa kunilipa, na kumwangalia mtoto. Dada alikuwa amenipa mia mbili nimpeleke kwa kinyozi msafi. Nikampeleka kwa yule wa hamsini, ambapo mashine inatoka kichwa hiki ikiingia kile bila hata kupanguswa. Mia na hamsini ikaenda kwa bando.

Kidoa kilipotokea nilikimbia duka la dawa, nikanunua krimu. Nikamvisha marvin. "Usimwambie mum," nikamwambia. "Ni siri yetu." Wiki tatu nilimpaka kila usiku. Shilingi moja likawa manne.

Dada aligundua Jumapili akimwogesha. Hakupiga kelele. Kesho yake tukaenda kliniki sote watatu.

Daktari alisema si mnyoo na si uchafu. Ni kuvu, na imeingia ndani ya unywele hadi kwenye mzizi, mahali krimu haifiki. Dawa yake ni ya kumeza, griseofulvini, kila siku kwa wiki sita hadi nane, pamoja na chakula chenye mafuta ndiyo mwili uifyonze vizuri. Akatuuliza nani mwingine nyumbani anatumia kitana na taulo moja na mtoto.

"Ameitoa wapi?" dada akauliza.

"Inaweza kuwa mashine ya kinyozi. Inaweza kuwa kofia ya rafiki shuleni. Si rahisi kujua."

Hapo nikaona mlango wa kutokea. "Lazima ni shuleni," nikasema.

Mtoto akanigeukia. "Anko, si ulisema ni siri?"

Dada alinyamaza hadi steji. Ndani ya matatu, akiangalia dirishani, akasema: "Pesa ningekusamehe. Lakini wiki tatu unamfundisha mtoto wangu kunificha kitu?"

Sikuwa na jibu.

Hii ni wiki ya tano. Nywele zinarudi, laini kama za mtoto mchanga. Dawa nampa mimi kila jioni, na parachichi. Marvin nimeichemsha, kitana nimenunua chake peke yake. Kwa yule kinyozi sijarudi.

Lakini siku hizi, kabla mtoto hajaniambia kitu chochote, hata kama amemwaga chai tu, hunong'ona kwanza: "Anko, hii ni siri?"

Namwambia hapana. Namwambia kwa sauti, dada asikie akiwa jikoni.