Gitaa la Marehemu Baba

Karo haingoji, ndiyo maana niliamua kuliuza gitaa la marehemu baba. Ni la mbao, lisilotumia umeme. Baba alilicharaza kwa kidole gumba na cha shahada, akimwiga Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952.

Mwenye hoteli alilitaka alitundike ukutani, na pesa taslimu alikuwa nazo. Mwanafunzi mmoja alikuwa na nusu ya bei tu, lakini aliikagua shingo kwanza. Alijua kuwa nyuzi za chuma huivuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 60 na huweza kuipinda.

Wewe ungemuuzia nani? Mimi nimempa mwanafunzi, amalizie kidogo kidogo. Karo iliyobaki nitaitafuta. Gitaa ni la kupigwa, si la kutazamwa.